Kuhamisha simu za ofisi kutoka waya wa shaba kwenda intaneti: maswali tunayoulizwa kila wiki

Ukurasa huu ni wa wenye ofisi, maduka, hoteli na zahanati ambao bado wana simu ya mezani inayoingia kwa waya wa shaba, na sasa wanataka, au wamelazimika, kuhamia simu ya intaneti. Maswali tumeyaacha karibu na maneno ya wateja wenyewe. Hayana mpangilio maalumu, isipokuwa la namba. Hilo tumeliweka mbele kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia.

Namba yetu ya 022 ipo tangu enzi za mzee. Tukihama tunaipoteza?

Si lazima, ila hili limalizeni kabla hamjanunua hata simu moja. Namba ya mezani si mali yako kama kiti cha ofisini. Umepewa uitumie na kampuni iliyokuletea laini, na siku utakapoandika barua ya kukata laini, namba inarudi kwao. Wengi wanachanganya hapa na ile huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Iliyoanza Tanzania Machi 2017 (Kenya walitangulia, Aprili 2011) ilitengenezwa kwa ajili ya simu za mkononi. Usiende nayo kichwani ukidhani itabeba 022 yako, au 041 yako kama uko Mombasa.

Njia ziko tatu. Tunayoanza nayo kila mara ni kumuuliza yuleyule mwenye laini kama anaweza kukuletea namba ileile kwa njia ya SIP, yaani simu zije kwenye faiba badala ya shaba. Omba jibu la maandishi, si la mdomo dirishani. Akishindwa, laini ya shaba inabaki ilivyo na tunaichomeka kwenye kisanduku kinachoipokea na kuiingiza kwenye mfumo mpya. Mteja anapiga namba ya zamani, anapokelewa kwenye simu mpya, wala hajui. Njia ya tatu ni kuelekeza simu za namba ya zamani ziende namba mpya. Hiyo tunaitumia miezi michache tu, kwa sababu kila simu inayoelekezwa unailipia wewe.

Ukiona tunakuza mambo, zunguka ofisi yako uhesabu namba hiyo imeandikwa wapi: ubavuni mwa pikapu, kwenye kalenda, muhuri, bango la barabarani, risiti ya EFD. Mteja wetu mmoja muuza vipuri Kariakoo alikata laini kwa hasira ya bili, akatuita wiki iliyofuata tumfungie mfumo mpya. Wateja wake wa mikoani walikuwa wameshaanza kuambiana kwamba amefunga duka.

Simu ya intaneti si ndiyo WhatsApp tu?

Kwa ndani zinafanana. Zote mbili zinakata sauti vipande vidogo, kwa kawaida kipande kimoja kila milisekunde 20, na kuvituma kama pakiti. Kwa matumizi ni vitu viwili. WhatsApp inaongea na WhatsApp. Simu ya ofisi ya intaneti ina namba ya kawaida ambayo anaweza kuipiga hata mwenye kitochi kijijini, na ndani yake kuna ekstensheni (namba fupi za ndani ya ofisi), foleni ya wapigaji, na taarifa ya nani alipiga saa ngapi na nani hakupokea. Hiyo taarifa ya mwisho wenye biashara wengi hawaiombi, lakini wakishaiona hawataki tena kuishi bila hiyo.

SIP, neno utakalolisikia kila dakika mafundi wakija, ni itifaki inayopanga simu: nani anampigia nani, imelia, imepokelewa, imekatwa. Sauti yenyewe inapita njia nyingine. Kumbuka hilo, tutalirudia chini.

Tunalazimika kuhama? Ni kama ile ya ving'amuzi?

Ile ya ving'amuzi ilikuwa na siku yake. Mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, ukilala na antena yako unaamka huna picha. Simu za shaba kwa tunavyoziona sisi kazini zinaondoka kimyakimya: waya umeibwa, au umeoza ndani ya mfereji, fundi anakuja mara tatu, mara ya nne anakwambia uchukue faiba.

Wenye ndugu Uingereza watakuwa wamesikia habari tofauti. Huko mtandao mzima wa simu wa zamani umepangiwa kuzimwa ifikapo mwisho wa Januari 2027. Mwanzo ilikuwa Desemba 2025, wakasogeza mbele. Kilichochangia ni vile vifaa vya tahadhari wanavyovaa wazee wanaoishi peke yao, ambavyo hupiga simu ya msaada kwa kubonyeza kitufe. Vilitegemea laini ya zamani, na baadhi vilishindwa kufanya kazi baada ya nyumba kuhamishiwa intaneti. Soma habari hiyo kama onyo: hatari haiko kwenye simu unayoiona mezani, iko kwenye kile kitu kingine kilichochomekwa kwenye laini hiyohiyo na kusahaulika.

Kitu gani hicho? Sisi tuna simu tu.

Kila ofisi inasema hivyo. Halafu tunafuata waya mmoja mmoja na kukuta kengele ya wezi inayopigia kampuni ya ulinzi, simu ya dharura ndani ya lifti, kitufe cha geti, faksi ya chumba cha uhasibu, au mashine ya kadi ya zamani. Orodhesheni vyote, mkiwa na mlinzi wa jengo pembeni, maana yeye ndiye anayejua waya uendao juu ya dari unaishia wapi.

Faksi ina kisa chake. Milio yake haikutengenezwa kuvumilia pakiti zinazopotea, kwa hiyo kurasa zinafika nusu. Kuna itifaki ya kuisaidia, T.38, inayofanya kazi endapo pande zote mbili zinaikubali. Ushauri wetu: kama mnapokea faksi chache kwa mwezi, mwambieni anayetuma atume barua pepe. Kengele na lifti ni suala jingine. Hizo wekeeni kifaa cha laini ya simu ya mkononi, na msizipitishe kwenye mfumo mpya kabisa.

Intaneti yetu ni ya "MB 10". Inatosha?

Kwa wingi, ndiyo. Simu moja kwa kodeki (kanuni ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida, G.711, inatumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Simu 10 kwa wakati mmoja hazifiki megabiti 1 kila upande. Kodeki ya kubana, G.729, inatumia kama kilobiti 31, na inafaa tawi linalotumia rauta ya laini ya simu. Kama mnalipa kwa bando, piga hesabu ya MB 1.3 kwa dakika kwa G.711, karibu MB 80 kwa saa ya maongezi.

Tazama upande wa kupandisha, si wa kushusha. Matangazo yanasema spidi ya kushusha kwa herufi kubwa, na ya kupandisha haisemwi. Simu inahitaji zote mbili sawasawa.

Sasa mbona spidi ni nzuri na sauti bado inakatikakatika?

Kwa sababu spidi si tatizo. Barua pepe ikichelewa sekunde mbili nani atajua? Kipande cha sauti kikichelewa nusu sekunde hakina kazi tena, kinatupwa, nawe unasikia pengo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo mmoja hadi sikio la pili. Zaidi ya hapo watu wanaanza kudakiana maneno.

Kinachochelewesha mara nyingi kiko ndani ya ofisi yenyewe. Kamera za ulinzi zinapandisha video, mhasibu ananakili data za mwezi kwenda mtandaoni, na pakiti ndogo ya sauti inakwama nyuma kama bodaboda nyuma ya semitrela pale barabara inapokuwa nyembamba. Kuongeza spidi ni kupanua barabara, semitrela nazo zitaongezeka. Dawa ni kuipa bodaboda njia yake: rauta inayoweka sauti mbele ya kila kitu, na simu kutenganishwa na kompyuta ndani ya swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao ofisini. Na simu ya mezani iwe na waya. Simu ya mezani kwenye waifai inafanya kazi vizuri siku ya majaribio, ofisi ikiwa tupu.

Ukipima mtandao, pima saa 4 asubuhi siku ya kazi. Anayekupimia saa 2 usiku anakupimia mtandao wa mtu mwingine.

Namsikia mteja vizuri, yeye hanisikii.

Hili ndilo tulilosema tutalirudia. SIP inapanga simu kwa njia moja, sauti inakwenda kwa nyingine. Simu inaweza kulia na kupokelewa salama huku sauti ya upande mmoja ikitumwa kwenye anwani isiyofikika. Mhusika wa kwanza kumkamata ni kipengele cha rauta kinachoitwa SIP ALG. Kiliwekwa kusaidia, lakini kinaingilia kati na kubadilisha anwani vibaya. Kizime, washa rauta upya, jaribu. Ikishindikana ndipo utuite.

Umeme ukikatika?

Simu imekufa, kama hukujiandaa. Watu wazima wanakumbuka simu ya zamani ilivyolia gizani: volti 48 zilikuwa zinatoka kwenye betri za kituo cha simu zikipita kwenye waya uleule wa maongezi. Faiba ni kioo, haibebi umeme. Mzigo huo sasa ni wako.

Piga hesabu hivi. Simu 10 za mezani zinakula takriban wati 5 kila moja, hizo 50. Swichi 30, rauta 10, kisanduku cha faiba 10. Jumla wati 100. Ile UPS ndogo iliyo chini ya meza ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo ni wati-saa 84: haitamaliza hata saa nzima. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, nusu yake ndiyo ya kutumia usipotaka kuiua mapema, nayo inakupa saa 5 na kitu ukitoa upotevu wa inverta.

Nunua swichi ya PoE, inayopeleka umeme kwa simu kupitia kebo ileile ya mtandao. Hapo betri moja chumbani inabeba ofisi nzima, badala ya kila meza kuwa na adapta yake ukutani. Ni ghali kidogo kuliko swichi ya kawaida, na ndicho kitu pekee kwenye orodha yetu ambacho hatukubali mteja akikate kupunguza bei.

Na mkongo wa baharini ukikatika?

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Siku hiyo swali lilikuwa moja: seva ya simu zako iko wapi? Kama iko Ulaya, basi simu kutoka meza ya mapokezi kwenda meza ya uhasibu, hatua kumi, ilikuwa inajaribu kuvuka bahari na kurudi. Kama iko Dar es Salaam au ndani ya ofisi yenu, simu za ndani na za nchini zilikuwa na nafasi nzuri ya kuendelea. Muulize muuzaji swali hili kabla ya bei. Akijibu "iko kwenye wingu", muulize wingu hilo limetanda juu ya mji gani.

Pia weka laini ya pili ya mtandao wa simu kwenye rauta, ya kampuni tofauti na ile ya faiba, na agizo kwamba ekstensheni isipopatikana, simu iende kwenye simu ya mkononi ya mtu fulani. Mtu, si "ofisi".

Simu zetu za zamani tuzitupe?

Hapana. Kuna kisanduku kinachozigeuza, upande mmoja kebo ya mtandao, upande wa pili tundu la simu ya kawaida. Vipo vya tundu moja hadi vya matundu 24 na zaidi. Hoteli ya vyumba 60 ufukweni Zanzibar haina sababu ya kubomoa kuta ili mgeni apige mapokezi kuomba taulo. Tunaacha simu na nyaya za vyumbani, tunabadilisha kile kilicho chumba cha mitambo, na simu mpya zinakwenda mapokezi, jikoni na kwa meneja.

Nyaya za ukutani ni suala jingine. Waya mwembamba wa simu hautoshi kwa simu ya intaneti, unahitaji kebo ya Cat5e au bora zaidi, isiyozidi mita 100 kutoka kwenye swichi. Ofisi zilizokwisha tandaza kebo za kompyuta zina bahati, kwa kuwa simu nyingi za mezani zina matundu mawili na kompyuta inachomekwa nyuma ya simu.

Sauti itakuwa bora kuliko zamani?

Inaweza. Laini ya zamani ilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 tu, ndiyo maana "saa" na "faa" zilisikika karibu sawa na watu wakawa wanatamka majina yao herufi kwa herufi. Kodeki pana kama G.722 inafika hezi 7000. Lakini utaisikia mkiongea matawi kwa matawi. Ukipigiwa kutoka nje, mara nyingi sauti inashushwa njiani na kurudi ilivyokuwa.

Tununue laini ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Tuseme saa yenu ya shughuli nyingi ina simu 30 za dakika 3, jumla dakika 90 za maongezi ndani ya dakika 60. Kwa hesabu aliyoiweka Mdenmaki A. K. Erlang mwaka 1917, ambayo bado haijapata mpinzani, ukiwa na njia 4 (yaani simu 4 kwa wakati mmoja) karibu mpigaji mmoja kati ya 20 atakuta bize, na ukiwa na 5 watakuwa chini ya 2 kati ya 100. Ofisi ya aina hiyo inaweza kuwa na ekstensheni 25 na njia 5. Anayekuuzia njia 25 anakuuzia viti vya basi ambalo halijai.

Kuna wizi?

Upo, na ndio unaotunyima usingizi. Mashine duniani kote zinazunguka mtandaoni mchana na usiku zikigonga lango namba 5060, linalotumiwa na SIP, zikijaribu ekstensheni 1001 kwa neno la siri 1001. Zikiingia, zinapiga namba za nje zenye malipo makubwa, na mgao wa fedha hizo unamrudia mwizi. Wanachagua siku ambazo hakuna mtu ofisini. Mteja mmoja, duka la vifaa vya ujenzi, alifunga Ijumaa Kuu na kufungua Jumanne. Katikati hapo simu zake zilikuwa zimeongea saa nyingi na visiwa ambavyo hakuna hata mmoja pale dukani aliyewahi kuvisikia. Bili ilikuwa yake, kwa sababu simu zilitoka kwake. Mfumo huo tuliufunga sisi, na neno la siri la majaribio tuliliacha sisi. Tulilipa sehemu yetu.

Tangu hapo hatuondoki kwa mteja kabla ya haya: simu za kimataifa zimefungwa isipokuwa nchi anazozitaja, kuna kikomo cha fedha kwa siku, maneno ya siri ni marefu na yametengenezwa na mashine, na seva haionekani kutoka nje ila kwa anwani zinazojulikana.

Tunaruhusiwa kurekodi simu za wateja?

Mjulisheni mpigaji kabla ya kurekodi, na mjue mnarekodi kwa sababu gani na mtahifadhi kwa muda gani. Sauti ya mteja ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa hizo anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya wana sheria yao ya 2019. Zahanati wawe waangalifu maradufu.

Kuna mtu ametuambia atatuletea simu za nje kwa bei ya chini, anaweka boksi lenye laini nyingi za simu.

Msikubali. Hilo ni sim boksi, ni kosa la jinai, na boksi litakutwa ofisini kwenu, si kwake. Chukueni huduma kwa kampuni yenye leseni ya TCRA, au ya Mamlaka ya Mawasiliano kama mko Kenya.

Tukipiga 112 watajua tulipo?

Msitegemee. Waya wa shaba ulikuwa umefungwa kwenye jengo moja. Simu ya intaneti unaweza kuing'oa Dodoma ukaichomeka Mwanza, namba ikabaki ya 026. Bandikeni anwani halisi ya jengo karibu na kila simu ili anayepiga aisome, na mjaribu kwamba namba za dharura zinatoka bila kutanguliza 9. Mfanyakazi mgeni katikati ya moto hatakumbuka 9.

Ofisi itafungwa siku ngapi?

Hata moja, kama kazi imepangwa. Tunafunga mfumo mpya pembeni ya ule wa zamani, tunaweka simu moja mpya mapokezi kwa wiki nzima, na dada wa mapokezi ndiye anayetupa hukumu. Yeye anajua nani huomba kuunganishwa na nani, bosi gani hataki kusumbuliwa saa ya chakula, na mteja gani hukata simu akisikia mashine inamwambia abonyeze moja. Ile salamu ya kurekodiwa tunaiandika pamoja naye. Mara nyingi anaifupisha mpaka nusu.

Na laini ya zamani tuikate lini?

Baada ya bili mbili za mfumo mpya na mvua moja kubwa. Bili ya kwanza haionyeshi mwezi kamili, ya pili ndiyo ya kweli. Mvua itawaonyesha kama faiba yenu imepita mahali salama. Kisha andikeni barua ya kukata, mtaje namba gani inabaki na gani inaondoka, moja moja, na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.